Kugawa Kumbukumbu ni Somo la Sekondari

Husemwa mara nyingi kuwa mambo ya ndani ya kompyuta ni ya vyuo vikuu peke yake, na kwamba mwanafunzi wa sekondari wa Kiomboi yamtosha kujua kuchapa barua. Sikubaliani na rai hiyo.

Simu nyingi za kisasa zionekanazo mikononi mwa watu, Kiomboi na kwingineko, hutumia mfumo wa Android, uliojengwa juu ya kiini cha Linux kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kiini ndicho kigawacho kumbukumbu. Kamera, redio na kioo cha simu kila kimoja kina kiendeshi chake, yaani programu inayokiongoza kifaa, nacho kiendeshi huomba kumbukumbu kwa kiini. Programu ya kawaida ikikosea, kiini huifunga. Kiendeshi kikikosea, mashine nzima yaweza kusimama.

Basi mwandishi wa kiendeshi hana budi kujiuliza maswali mawili.

Kwanza, je, kumbukumbu aitakayo lazima iwe ya mfululizo? Kumbukumbu hugawanywa katika kurasa, aghalabu za baiti 4,096. Baiti 65,536 zahitaji kurasa 16. Zaweza kuwapo kurasa 100 tupu, lakini zikiwa zimetawanyika, ombi la kurasa 16 zinazofuatana hukataliwa. Kifaa kisomacho kumbukumbu moja kwa moja mara nyingi hutaka mfululizo huo, nao hutolewa kwa njia iitwayo kmalloc. Njia ya vmalloc huokota kurasa zilizotawanyika na kuzipa anwani zinazofuatana. Hufaa kwa maombi makubwa, ingawa huongeza kazi.

Pili, je, mwombaji aweza kungoja? Awezaye hutumia alama ya GFP_KERNEL, na kiini hupata wasaa wa kutafuta nafasi. Lakini kifaa kikikatiza kazi ghafula, kiendeshi hakiruhusiwi kungoja. Hapo hutumika GFP_ATOMIC, yenye ruhusa ya kugusa akiba. Aitumiaye ovyo ni sawa na mkulima wa Iramba afunguaye kihenge cha akiba wakati wa mavuno: siku ya njaa, mwenye haja ya kweli atakikuta kitupu.

Hapana hesabu hapa inayomshinda mwanafunzi wa kidato cha pili. Mwalimu achore ubaoni miraba 64, ajaze baadhi yake, kisha awaulize wanafunzi ombi lipi litatimizwa.

Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikwisha zamani, na leo maandishi ya Linux yako wazi kwa kila atakaye kuyasoma. Tusijiwekee marufuku nyingine kwa kuwaficha vijana wetu jinsi mashine zinavyofanya kazi.