NYUMBA NA JAMAA: Mwangwi wa Gita na Karo ya Watoto



Juma hili naijibu barua ya mama mmoja akaaye katika nyumba za kambi, mke wa sajini. Mumewe hupiga gita katika bendi ya kikosi. Bwana huyo asema kuwa sauti ya gita lake imekauka, na kwamba haitapona mpaka anunue amplifaya mpya yenye mwangwi, ule ambao wapigaji huuita riverbu. Fedha zilizomo nyumbani ni karo ya watoto wawili. Mama auliza: je, mwangwi huo ni haja au ni anasa? Na kama ni haja, hapana njia nyingine?

Dada yangu, mumeo hasemi upuuzi. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja. Ukisimama mita 17 mbele ya ukuta ukapiga kofi, sauti huenda na kurudi katika sehemu ya kumi ya sekunde, nawe waisikia mara ya pili. Lakini ndani ya ukumbi kuta, sakafu na dari huirudisha sauti mara nyingi na kwa upesi, hata sikio haliwezi kuzitenganisha sauti hizo. Husikia mvumo mmoja unaofifia polepole. Mvumo huo ndio riverbu. Katika uwanja wa gwaride, kama siku ya Uhuru tarehe 9 Oktoba, hapana ukuta wala dari, na gita husikika kavu kama mti usio na majani. Haja ipo. Neno lililobaki ni namna ya kuitimiza.

Njia ya kwanza haina gharama. Yafaa mumeo asikilize kwanza mahali apigapo. Bwalo lenye sakafu ya saruji na paa la bati lina mwangwi wake tayari. Ukiongeza mwingine, nyimbo huwa uji, na maneno ya mwimbaji hayasikiki. Katika chumba cha kawaida, aielekeze amplifaya kwenye kona tupu ya ukuta badala ya kuielekeza kwa watu, kisha asikilize tofauti. Askari hafyatui risasi kabla hajaiona shabaha.

Njia ya pili ni pedali, yaani kisanduku kidogo cha kukanyagwa kwa mguu. Ndani yake mna mtambo wa hesabu unaokokotoa marudio ya sauti maelfu kwa maelfu. Mashine ya kwanza ya namna hii, EMT 250, ilitoka mwaka 1976, nayo haikuwa kitu cha kubebwa mfukoni. Mwaka 1987 kampuni ya Boss ilitoa RV-2, pedali iliyotoshea chini ya kiatu. Leo zipo nyingi za bei ndogo. Mwenye kununua hana budi kutazama mambo mawili. La kwanza ni umeme: nyingi hutumia volti 9, lakini hula betri kwa haraka, basi asome kiasi cha miliampea kilichoandikwa, na aangalie ncha ya katikati ya plagi kama ni hasi au chanya, kwa maana kosa hapo laweza kuiunguza. La pili ni mahali pa kuiunga. Amplifaya ikiwa yatoa sauti safi, pedali na iwe ya mwisho kabla ya kuingia humo. Lakini ikiwa mpigaji apenda sauti ya kukwaruza itokayo ndani ya amplifaya yenyewe, mwangwi ukitangulia nao hukwaruzwa, na kila kitu huwa matope. Hapo atafute nyuma ya amplifaya matundu mawili yaliyoandikwa Send na Return, aiunge pedali hapo.

Njia ya tatu ni ile aitamaniyo mumeo: amplifaya yenye springi ndani. Asili yake ni Marekani, katika maabara za Bell, ambako springi zilitumiwa kuiga ucheleweshaji wa sauti katika simu za masafa marefu. Laurens Hammond, mtengenezaji wa vinanda, alizichukua katika miaka ya 1930, kwa kuwa walionunua vinanda vyake kwa ajili ya nyumbani walikosa ule mvumo wa kanisani. Kampuni ya Fender ilitoa sanduku la pekee la springi mwaka 1961, na mwaka 1963 ikazitia ndani ya amplifaya iitwayo Vibroverb. Kazi yake ni nyepesi kuifahamu. Umeme wa gita hutikisa sumaku ndogo kwenye ncha moja ya springi. Mtikisiko hupita, hugonga mwisho na kurudi. Koili ya ncha ya pili huugeuza kuwa umeme tena, nao huchanganywa na sauti ya asili. Mwangwi wake ni mtamu, lakini ni mmoja tu, na amplifaya ya namna hiyo aghalabu ni nzito na ghali. Tena, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya umeme wa Marekani wa volti 120 haifai kuchomekwa katika volti 240 zetu pasipo transfoma.

Sasa, dada yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nimeona neno ulilolitaja kwa kupita tu: kwamba amplifaya ya zamani ina kitufe kimoja kilichoandikwa Reverb ambacho "hakifanyi lolote tangu kikosi kilipohamishwa kwa lori." Basi amplifaya hiyo inazo springi! Huenda waya mwembamba umekatika, au plagi imechomoka njiani.

Mumeo na aiwashe, akizungushe kitufe hicho hadi katikati, kisha aitikise amplifaya kidogo. Akisikia kishindo kama radi katika spika, upande wa kurudisha sauti ni mzima, na kosa li katika upande wa kupeleka. Asiposikia kitu, kosa yaelekea kuwa katika upande wa kurudisha. Habari hiyo ampelekee fundi redio. Sanduku la springi likiwa limekufa, hubadilishwa peke yake, nalo ni rahisi mno kuliko amplifaya nzima; bali lazima liwe na namba za aina ile ile zilizopigwa juu ya lile la zamani, kwa sababu ukinzani wake hutofautiana.

Asifungue mwenyewe, wala watoto wasikaribie fundi afunguapo. Amplifaya za vali huwa na volti mia kadhaa ndani, na kapasita zake huweza kuhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Mtu aliyerudi salama kutoka doria asiuawe na gita sebuleni.

Ushauri wangu kwenu wawili ni huu. Karo isiguswe. Kwanza fundi atazame springi. Ikishindikana, wekeni akiba kidogo kidogo kila mshahara kwa ajili ya pedali. Amplifaya mpya na ingoje mpaka watoto wamalize muhula bila deni.

Nawe dada, usimcheke bwana kwa kupenda muziki wake. Nyumba ambayo jioni hulia gita ina faida yake, na mtu aliyesikilizwa nyumbani huona vyepesi kukubali kungoja.

Hadi juma lijalo, nawatakia amani majumbani mwenu.