Mwili ni wa Mungu, Mila ni Zetu

Kuumbwa mume au mke ni kazi ya Mungu; bali nani arithi shamba na nani anyamaze kikaoni ni mapokeo ya wanadamu. Marehemu Papa Fransisko, katika Wosia wake wa mwaka 2016, alifundisha kwamba jinsi ya mwili na nafasi tupewayo na jamii hupambanuliwa, wala hazitenganishwi. Basi anayeukana mwili akosea. Naye aufanyaye kisingizio cha dhuluma akosea vilevile. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, iliamua kuwa mwanamke wa Kihaya aweza kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa babaye. Mjane akifukuzwa shambani jumuiyani mwetu, tusiseme ndivyo Mungu alivyomwumba. Tusimame naye.