Gavana Hakupika Keki

Nimechoka na sifa za bure! Chukua lamington, keki ya mraba wanayoipenda Waaustralia: inachovywa kwenye chokoleti, kisha inaviringishwa kwenye nazi kavu. Tamu, sikatai. Lakini jina ni la nani? La Lord Lamington, gavana wa Queensland toka 1896 hadi 1901. Jamani, gavana alishika mwiko lini? Na aliyeipika kwanza ni nani, mpaka leo watu wanabishana.

Pavlova je? Ute wa mayai na sukari, ukaokwa, ukapakwa krimu na matunda: ikapewa jina la Anna Pavlova, mcheza baleti wa Kirusi aliyezuru huko mwaka 1926. Na Tim Tam, biskuti ya chokoleti ya mwaka 1964, eti ina jina la farasi aliyeshinda mbio Marekani mwaka 1958! Farasi, ndugu zangu, anakumbukwa. Mpishi aliyeungua vidole, hola.

Linalonikera zaidi ni makadamia. Wenyeji asilia wa Queensland walizitafuna kwa maelfu ya miaka, tena kwa majina yao. Mwaka 1857 bwana mimea Ferdinand von Mueller akaupa mti jina la mwenzake, John Macadam. Basi, likashika hadi Murang'a zinakolimwa.

Sasa nyie mnaojifunza kuandika, msiniletee tena hadithi ambamo mgeni rasmi ana jina na mpishi ni "mama mmoja". Nendeni jikoni, mkamuulize anaitwa nani. Halafu andikeni.