Mambo ya Nyumbani: Namba Iliyo Chini ya Kopo

Mwezi huu tulikuwa tumekusudia kuandika juu ya kuhifadhi mahindi ghalani, lakini limetupata jambo nyumbani kwetu, nasi twaona si vema kulinyamazia, maana laweza kumpata mtu ye yote anunuaye mafuta ya kupaka dukani au mnadani.

Mtoto wetu wa mwisho ana umri wa miaka mitatu, na ngozi yake hukauka sana wakati wa kiangazi, kwa ajili ya vumbi. Basi mama wa nyumba alimnunulia mafuta ya mwilini, katika tyubu iliyotiwa ndani ya kijisanduku kizuri cha karatasi. Siku ya tatu tuliamka tukamwona mtoto ametoka vipele usoni na shingoni, macho yamevimba hata hayafunguki vema. Tulimchukua hospitali mbio mbio. Daktari kijana alimtazama, akampa dawa, kisha akatuambia, “Mwalimu, msimpake tena mafuta yale. Lakini msiyatupe. Niletee tyubu yenyewe pamoja na namba ya toleo lake, nipate kuandika habari hii na kuipeleka panapohusika.”

Tulirudi nyumbani tukifikiri ni kazi ndogo. Sisi ambao kwa miaka zaidi ya ishirini tumewafundisha watu kusoma, je, namba moja tu itatushinda? Ikatushinda. Kijisanduku kilikuwa kimekwisha kuwashia mkaa asubuhi ile ile kilipofunguliwa. Tyubu tuliisoma mbele na nyuma. Tukaona namba ndefu chini ya mistari myeusi, tukainakili kwa mwandiko mzuri, tukairudisha kwa daktari. Yeye akacheka kidogo, kwa adabu, akasema, “Hii siyo, Mwalimu. Namba hii inayo kila tyubu ya mafuta ya jina hili na ukubwa huu, hata iliyotengenezwa mwaka mwingine. Nataka ile inayoitofautisha tyubu hii na dada zake.”

Labda msomaji atauliza, toleo ni nini? Kwa watu wa Simiyu mfano wake ni rahisi. Mkulima wa pamba ajua ya kuwa kila robota litokalo kiwandani hutiwa alama na namba yake, ili pamba ikionekana ina uchafu au unyevu, watu wajue ni robota lipi na lilitoka wapi, wala wasizilaumu pamba zote za nchi. Ndivyo ilivyo katika viwanda vya mafuta, sabuni na poda. Hupika kwa mapipa makubwa. Mapishi ya mara moja hujaza maelfu ya makopo, na makopo yale yote hupigwa namba moja. Hiyo ndiyo namba ya toleo. Kesho hupika tena, na namba hubadilika. Kama pishi la jana liliharibika, namba itawaambia watu ni makopo gani yaondolewe, na yapi yaachwe.

Kwamba jambo hili si mchezo, tuliliona wazi mwezi wa Aprili mwaka 2024. Wakaguzi wa dawa wa Nijeria walipima dawa ya kikohozi ya watoto iitwayo Benylin, iliyotengenezwa Afrika Kusini, wakasema wameona ndani yake kiasi kikubwa cha sumu ya diethilini glikoli, ambayo huharibu figo. Aliyeitengeneza alijibu kwamba yeye alipopima hakuiona sumu hiyo. Lakini serikali hazikungoja mabishano yaishe. Kenya, Rwanda, Zimbabwe na Tanzania yetu zilitoa amri dawa ile iondolewe madukani. Je, ni kila chupa ya Benylin? La. Ni toleo namba 329304. Afrika Kusini wakaongeza na toleo lililolitangulia, 329303. Fikirini basi mzazi wa Dutwa au Lamadi aliyesikia tangazo lile redioni, naye ana chupa kabatini. Kama hajui namba iandikwapo, atafanya nini? Ama atatupa dawa nzuri, ama atamnywesha mtoto iliyo mbaya.

Hata katika vipodozi mambo kama hayo yametokea. Mwezi wa Oktoba mwaka 2019, huko Marekani, Johnson & Johnson waliita zirudishwe chupa zipatazo 33,000 za poda ya watoto, zote za toleo 22318RB, kwa sababu wakaguzi wa serikali walikuwa wameona dalili ndogo ya asbesto katika chupa moja. Baadaye kampuni ilisema vipimo vyake havikuona kitu. Hatuna uwezo wa kuamua kati yao; twataja habari hii ili mwone jinsi tarakimu tano na herufi mbili zilivyozitenga chupa hizo na nyingine zote.

Sasa turudi kwenye tyubu yetu. Aliyeiona namba si sisi, bali binti yetu mkubwa, asomaye darasa la sita. Aliichukua akaenda nayo dirishani, akaigeuza geuza, akasema, “Baba, hapa mwishoni kuna kitu kimekunjwa.” Kumbe pale mkiani, tyubu ilipobanwa na kufungwa bapa, palikuwa na alama zilizogandamizwa na mashine bila wino wo wote! Ukiitazama moja kwa moja huoni neno. Ukiiinamisha nuru ipite ubavuni, kivuli huonyesha tarakimu moja moja. Alama mbili za katikati zilikuwa hafifu mno, tusijue kama ni 3 au 8. Hapo tuliweka karatasi nyembamba juu yake, tukapaka kalamu ya risasi taratibu kwa ubavu, kama watoto wafanyavyo juu ya sarafu, na namba yote ikatokea. Walimu, jaribuni jambo hili darasani. Watoto hulifurahia mno.

Tangu siku ile tumegeuza kila chombo kilichomo nyumbani, hata mama wa nyumba akatuuliza kama tumeacha kazi ya kufundisha. Katika makopo, namba huwa mara nyingi chini ya kitako, kwa wino. Wino huu ni dhaifu, mikono yenye mafuta huufuta. Kwa hiyo inakilini siku mnayonunua, na kama pana vumbi futeni kwa kitambaa kikavu, si kwa mafuta ya taa wala spiriti. Chupa za plastiki huwa nayo kitakoni au karibu na shingo. Chupa za manukato pia kitakoni, na tena chini ya kijisanduku. Namba hizo mbili zapasa kulingana, nazo zisipolingana muulizeni muuzaji ni nani aliyehamisha chupa. Sabuni huwa nayo kwenye mkunjo wa karatasi yake. Rangi ya mdomo ni kidude kidogo mno, huandikwa kitakoni kwa tarakimu ndogo kama mayai ya chawa. Na vijisanduku vya karatasi hupigwa kwenye ulimi wa kufungia, mara nyingi bila wino, kama ile tyubu yetu.

Habari ya vijisanduku yatuuma hata sasa. Katika sheria ya Ulaya ya mwaka 2009, iliyoanza kushikwa yote tarehe 11 Julai 2013, namba ya toleo ni lazima iwe juu ya chombo na juu ya sanduku. Lakini kama chombo ni kidogo mno, yaruhusiwa kuwa juu ya sanduku peke yake. Maana yake, mtu anunuaye kikopo kidogo kilichotoka huko, akachoma sanduku, huenda amechoma namba iliyo ya pekee. Sisi tuliponea chupuchupu.

Mbele ya namba huandikwa labda “L”, au “LOT”, au “B.No.”, au “Batch”, na wengine hawaandiki neno lo lote. Karibu nayo huwapo “MFG”, ndiyo tarehe ya kutengenezwa, na “EXP”, ndiyo tarehe ya mwisho wa matumizi. Mkiona picha ya kikopo kilichofunuliwa kifuniko, na ndani yake “12M”, ni kusema mafuta hayo yafaa kwa miezi kumi na miwili tangu siku mlipoyafungua, si tangu siku mliponunua.

Msidanganyike na ile namba ya mistari myeusi, kama sisi tulivyodanganyika. Ina tarakimu kumi na tatu, nayo ni ya mwenye duka kwa kuhesabu bei. Watu husema kwamba ikianza na 620 kitu kimetengenezwa Tanzania, na 616 Kenya. Si hivyo hasa: tarakimu hizo zaonyesha nchi ambako kampuni iliandikishwa kupata namba, wala si kiwanda kilipo.

Wako wapendao kufumbua namba ya toleo ili kujua umri wa mafuta. Mara nyingine yawezekana. Kama imeandikwa 24135, yaweza kuwa ni mwaka 2024, siku ya 135, yaani tarehe 14 Mei. Lakini kila kiwanda kina ufunguo wake, na wengine huandika tarakimu moja tu ya mwaka; basi 5 yaweza kuwa 2015 au 2025, na tofauti ya miaka kumi katika mafuta ya uso si ndogo! Wako na watu wanaofumbua namba hizi kwa njia ya simu, nao si wenye viwanda. Mengi wayasemayo ni makisio.

Tena tuseme wazi: namba peke yake haithibitishi kwamba kitu ni halisi. Mwenye kughushi aweza kunakili namba kama anavyonakili picha. Walakini mkiona katika duka moja mafuta ya harufu tatu mbalimbali, yote yana namba moja, pana sababu ya kuuliza. Na mafuta yasiyo na namba, yasiyo na jina la mtengenezaji, yaliyochotwa kwa kijiko kutoka ndoo na kutiwa katika kikopo cha mtu mwingine, hayo hatuna la kuuliza juu yake, maana hakuna wa kujibu. Mkorogo wa kuchubua ngozi huuzwa hivyo. Baadhi ya dawa hizo hutiwa zebaki, iharibuyo figo, na mataifa ya mapatano ya Minamata yalikubaliana mwaka 2023 kwamba baada ya 2025 vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki visitengenezwe, wala visiingizwe wala kutolewa nchini.

Neno moja kwa nyumba zenye ndugu wenye ualbino, ambao katika nchi yetu ya Usukuma ni wengi. Mafuta ya kukinga jua si urembo kwao, ni ngao. Yakipita muda wake hupungua nguvu, na macho hayawezi kuona upungufu huo. Ngozi ndiyo itakayoona. Chunguzeni tarehe kila mpatapo chupa mpya, ikiwa ni ya dukani au ni ile itengenezwayo Moshi katika hospitali ya KCMC.

Zamani habari za vipodozi zilikuwa mikononi mwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, kwa sheria ya mwaka 2003. Tangu 2019 zimehamishiwa Shirika la Viwango, TBS, ambalo lina ofisi ya Kanda ya Ziwa pale Mwanza. Dawa zimebaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Aliye mbali aweza kuanza kwa bwana afya wa kata yake. Achukue chombo, namba, na jina la duka, na siku aliponunua.

Nasi tulipokwisha kupata namba yetu tulikwenda kwa jirani wawili walionunua mafuta yale yale. Mmoja alikuwa na namba kama yetu, wa pili namba nyingine. Kisha tukaenda kwa mwenye duka. Mwanzo alikasirika, akidhani tumekuja kumharibia jina. Tulimwambia, “Ndugu, hatusemi mali yako yote ni mbaya, twataka kuitazama namba hii tu.” Akanyamaza, akashusha boksi, tukakaa chini pamoja kuzigeuza tyubu mlangoni penye mwanga. Tisa zilikuwa na namba ile. Alizitenga katika mfuko, akaandika juu yake zisiuzwe mpaka jibu lije. Jibu la kipimo halijafika mpaka tunapoandika haya, kwa hiyo hatuwezi kusema kama kosa ni la mafuta au ni ngozi ya mtoto wetu iliyoyakataa.

Mtoto hajambo, uvimbe umekwisha. Vijisanduku sasa twaviweka katika debe la zamani la biskuti juu ya kabati, na binti yetu ameandika juu ya kila kimoja siku kilipofunguliwa. Mkaa twawashia majani makavu.