Kengele za farasi na madigadi za Ifakara



Mpendwa msomaji, Jumapili kama ya leo, ukipita nje ya kanisa lolote la Ifakara wakati Misa inaendelea, utakuta baiskeli zimeegeshwa safu kwa safu chini ya miembe. Nyingi ni za aina moja, zile Phoenix nyeusi kutoka China tulizozizoea tangu utoto. Mgeni angedhani watu wakitoka watagombana kujua ipi ni ya nani. Hawagombani. Kila mmoja anaiendea ya kwake moja kwa moja, kwa kuwa mwenyewe ameipa alama zake. Huyu amevalisha siti kava jekundu lenye vishada. Yule ameviringishia usukani utepe wa rangi mbili na kufunga maua ya plastiki. Mwingine ametundika rozari karibu na kengele. Chini ya bomba la juu la fremu kuna kifuko cha turubai alichoshona fundi wa sokoni, na kwenye keria kuna mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, tayari kufungia mzigo. Nyuma kabisa, kwenye kipande cha mpira kinachoning'inia chini ya madigadi, kuna maandishi ya rangi nyeupe: jina la mtoto, methali, au neno la kumshukuru Mungu.

Bonde letu la Kilombero ni tambarare, limelala kati ya milima ya Udzungwa na ile ya Mahenge. Ndiyo maana baiskeli imepata makazi hapa. Inabeba mpunga kutoka shambani, samaki kutoka mtoni, ndoo za maji, mwanafunzi anayechelewa shule, na mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Akina mama wanaiendesha sawa na akina baba, kitenge kimefungwa vizuri, mtoto mgongoni, kikapu mbele.

Wapo waumini wanaosema mapambo hayo ni majivuno, kwamba Mkristo hapaswi kupoteza shilingi yake kwa vishada na rangi. Na wapo vijana wanaoicheka baiskeli yenyewe. Kwao chombo ni pikipiki, na anayepamba baiskeli anapamba umaskini wake. Kwa makundi yote mawili, naomba leo tumsikilize nabii Zekaria.

Katika sura ya mwisho ya kitabu chake (Zek 14:20-21) nabii anaitazama siku ya Bwana na kuona jambo la ajabu. Mnakumbuka kwamba kuhani mkuu alivaa kwenye kilemba chake bamba la dhahabu safi, lililochorwa maneno ya kumtangaza kuwa ni mtakatifu kwa Bwana (Kut 28:36). Maneno hayo yalikuwa ya mtu mmoja, mahali pamoja, patakatifu. Zekaria anasema siku ile maneno yale yale yataandikwa kwenye kengele za farasi. Tena anaongeza kwamba sufuria za jikoni mle Yerusalemu zitakuwa takatifu sawa na mabakuli yaliyo mbele ya altare.

Farasi alikuwa chombo cha safari na cha vita. Kengele yake ilikuwa kikorokoro tu, kitu kidogo cha kutia mlio na madoido. Mungu hakusema kengele zing'olewe ili farasi wawe na heshima. Alisema ziandikwe jina lake. Basi asiwepo wa kumdharau mama aliyetundika rozari kwenye usukani wa baiskeli yake. Pengine bila kujua anatimiza alichokiona nabii. Kanisa nalo, katika Kitabu cha Baraka kilichotolewa Roma mwaka 1984, limeweka sala za kubariki vyombo vya usafiri, maana linajua kwamba sehemu kubwa ya maisha yetu hatuiishi mbele ya altare. Tunaiishi njiani.

Lakini ndugu yangu, maandishi yana deni lake. Fikiri mahali yalipo: nyuma. Anayeendesha hayaoni, anayeyasoma ni yule anayefuata. Ukiandika kwamba Mungu ni mwema, kisha ukamwagia matope mama anayetembea kando ya barabara, yeye ndiye atakayeyasoma maneno yako, huku akikung'uta kitenge chake. Ukiandika upendo, kisha ukamtoza mgonjwa nauli maradufu kwa kuwa ni usiku na hana la kufanya, ndugu zake watayasoma unapoondoka. Wengi hawatafungua Biblia wajue Mkristo anapaswa kuishi vipi. Watasoma madigadi yetu. Wanaotufuata nyuma, wakiwemo watoto wetu wenyewe, ndio wasomaji wa maisha yetu.

Tukitaka kujua kama maandishi ni ya kweli, tutazame kile kifuko cha turubai. Humo mna spana, kiraka, gundi ya kuzibia pancha, pengine na kipande cha waya. Wazee walisema akiba haiozi. Swali la Injili ni hili: akiba hiyo ni ya nani?

Yule Msamaria wa Luka 10 alimkuta mtu ameumizwa na wanyang'anyi. Huwa tunasifu huruma yake, na tuna haki. Lakini tazameni pia mzigo wake. Alikuwa na mafuta na divai ya kutia kwenye majeraha. Alikuwa na kitu cha kufungia vidonda. Alikuwa na mnyama, akampandisha majeruhi juu yake. Alikuwa na dinari mbili za kumwachia mwenye nyumba ya wageni. Vitu hivyo alivibeba kwa safari yake mwenyewe, lakini alipofika pale barabarani vikawa vya mwingine. Huruma isiyokuwa na kitu mkononi huishia kwenye neno pole. Kwa hiyo ukimkuta mwenzako kati ya mashamba, gunia la mpunga kwenye keria, tairi limelala na jua linazama, kiraka kilichomo kifukoni mwako ndiyo mafuta na divai yako.

Kwamba sehemu ndogo iliyofichika ya baiskeli inaweza kubeba uhai wa watu, Wakristo wenzetu wa Italia wanalo simulizi. Gino Bartali, Mkatoliki mwenye ibada, alikuwa mwendesha baiskeli mashuhuri aliyeshinda mashindano ya Tour de France mwaka 1938 na tena mwaka 1948. Kati ya ushindi huo mara mbili ilipita vita. Mwaka 1943 Wajerumani walipoikalia Italia na kuanza kuwasaka Wayahudi, Kardinali Elia Dalla Costa wa Firenze aliunganisha watu wa kuwaokoa. Bartali akajitia kama anafanya mazoezi, akawa anasafiri kwa baiskeli kati ya Firenze na Assisi, mji wa Mtakatifu Fransisko ambaye hospitali yetu inaitwa kwa jina lake. Ndani ya bomba la fremu na chini ya siti alificha picha na hati za bandia, ambazo ziliwawezesha waliowindwa kuishi kwa jina jingine. Kwa miaka mingi hakupenda kuyasimulia hayo hadharani. Mwaka 2013, akiwa amekwisha kufariki, taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu ilimtambua kuwa mmoja wa Wenye Haki Kati ya Mataifa. Watu walimshangilia kwa makombe yake. Kilichookoa maisha ni karatasi walizokuwa hawazioni.

Ndugu msomaji, sitaki tumalize bila kugusa jambo linalotuumiza. Tangu lami ilipofika Ifakara kutoka Kidatu, safari zimekuwa nyepesi, na tunamshukuru Mungu. Lakini magari na pikipiki sasa yanapita kwa kasi, na jioni barabara imejaa baiskeli zinazorudi kutoka mashambani na sokoni. Baiskeli iliyopambwa tangu usukani hadi keria, lakini haina taa mbele wala kile kioo chekundu cha kuakisi mwanga nyuma, ikiingia gizani haionekani. Maua hayaonekani. Vishada havionekani. Hata jina la Mungu pale nyuma halisomeki. Na mara nyingi kwenye keria amekaa mtoto.

Wale wanawali watano wenye busara (Mt 25:1-13) hawakuwashinda wenzao kwa mavazi. Wote kumi walikuwa na taa. Waliwazidi kwa chupa ndogo ya mafuta ya akiba. Amri ya tano inatukataza kuua, na kulinda uhai wetu na wa tuliowapakia ni sehemu ya amri hiyo. Kioo chekundu ni kitu kidogo, na mafundi wetu wanacho. Kwa Mkristo, naomba hilo liwe pambo la kwanza, na vishada vifuate. Nanyi mnaoendesha magari, mnaobandika picha ya Bikira Maria kwenye kioo cha mbele, punguzeni mwendo. Mama mnayembeba pale anawaona wanawe wote barabarani, hata walio kwenye magurudumu mawili.

Wiki hii, katika jumuiya zetu ndogondogo, tufanye jambo moja. Kila mwenye baiskeli aje nayo kwenye sala. Tutazamane: nani hana taa, nani hana breki, nani ni mjane ambaye mwanawe anakwenda shule gizani. Tuchange kidogo tumnunulie. Kisha kila mmoja afungue kifuko chake na kuongeza kiraka kimoja ambacho si chake, cha yule atakayemkuta njiani.

Bwana aliyeziona kengele za farasi kuwa zinafaa kubeba jina lake, azibariki baiskeli zetu, azilinde safari zetu, na aturudishe nyumbani salama. Nawatakieni Jumapili njema.