Mtoto Apate pa Kupandia

Mtoto aanzapo kusimama hutaka kupanda kila akionacho. Huo si utukutu; Mungu amempa hamu hiyo ili viungo vyake vipate nguvu. Kwetu Rufiji, wakati wa mpunga wengine hukaa dunguni, na mtoto asiyejua kushuka huanguka kutoka juu. Basi ajifunze mapema nyumbani, hata kama chumba ni kimoja.

Pembeni, mbali na mafiga, lazeni kipande cha gogo la mnazi kisichopita goti lake, mkikaze kwa vigingi kisibiringike. Chini tandikeni gunia lililojazwa mabua ya mpunga. Mfundisheni kushuka kwa kutanguliza miguu. Ndoo ya maji ifunikwe, kwani maji machache humzamisha mtoto. Tena asiachwe peke yake. Azuiwaye kupanda mbele yetu atapanda tukigeuka.