Sikio Vivu Huita Kila Kitu Kelele

Shemeji yangu alinikuta sebuleni Jumapili moja, albamu inaunguruma, akasimama mlangoni na mfuko wake wa machungwa. "Shemeji, kwani humu mnachomelea mageti?" Nikacheka, utani wa shemeji haususiwi. Lakini alipoongeza kwamba hawa hawajui kupiga, ndiyo maana wanapiga makelele, nilipunguza sauti ili tubishane vizuri.

Maneno yake ni ya wengi. Watu wazima wenye masikio makini, wanaoweza kukuchambulia gitaa la mwanarumba Franco tangu wimbo unapoanza hadi sebene linapokolea, ukiwatajia muziki wa metali wanakunja uso: hiyo ni fujo ya vijana wenye hasira na umeme mwingi. Mimi nasema imani hiyo ni uvivu. Shahidi wangu ni albamu moja, ...And Justice for All ya Metallica, bendi ya Marekani, iliyotoka mwaka 1988. Nyimbo 9, dakika 65.

Anza na wimbo wa kwanza, Blackened. Yale magitaa yanayojitokeza taratibu, kama kitu kinachovutwa kutoka kisimani, yalirekodiwa kisha yakageuzwa, yakasikika kinyumenyume. Halafu mvua inanyesha: dramu zinaingia, na ndani ya wimbo huo kuna mahali mdundo unahesabika saba pale ambapo sikio linangoja nane. Aliyelelewa kwenye tenzi ananielewa. Kipande cha utenzi kina mizani nane. Mghani akitoa saba, kila aliyekaa mkekani huinua kichwa. Mtunzi dhaifu hupungukiwa na mizani kwa kukosa uwezo. Hawa wameipunguza kwa kusudi, kisha wanairudia, wote kwa pamoja, kwa kasi kubwa, na hakuna anayeachwa nyuma. Fujo haiwezi hivyo. Fujo haijui kurudi pale pale ilipotoka.

Sasa njoo kwenye One. Umejengwa juu ya riwaya ya Dalton Trumbo ya mwaka 1939, Johnny Got His Gun, kuhusu askari wa Vita Kuu ya Kwanza aliyepoteza mikono, miguu, macho, masikio na kinywa. Amelala hospitalini, akili yake nzima, mwili wake umekuwa gereza. Muziki wake unaanza kwa gitaa tulivu, karibu la kubembeleza, na sauti ya mwimbaji haina haraka. Unapokwenda, uzito unaongezeka kidogo kidogo. Kisha, baada ya dakika ya nne, mpiga dramu Lars Ulrich anaanza kukanyaga ngoma ya miguu kwa miguu yote miwili, mafungu mafupi ya haraka kama bunduki ya rashasha, na gitaa la James Hetfield linagonga mle mle, pigo kwa pigo. Ndiyo vita yenyewe, imerudi kichwani mwa mtu asiyeweza hata kupiga ukelele.

Na ndani ya riwaya hiyo kuna jambo ambalo lingetosha kufunga mjadala huu. Askari yule anatafuta njia ya kusema, anaipata: anagonga kichwa kwenye mto, kwa alama za Morse. Wahudumu wanaona nini? Mgonjwa anatikisika. Wanamchoma dawa atulie. Kumbe kila pigo lilikuwa herufi. Mpaka alipotokea muuguzi mmoja aliyeshtuka kwamba mapigo yale yana mpangilio.

Wanaosema metali ni kelele ni wale wahudumu wa mwanzo.

Sidai kwamba albamu hii haina kasoro. Besi ya Jason Newsted, aliyechukua nafasi ya Cliff Burton baada ya Burton kufa katika ajali ya basi nchini Sweden mwaka 1986, imezimwa hadi karibu haisikiki, na hilo ni kosa lisilo na utetezi. Wimbo uliobeba jina la albamu unakaribia dakika 10. Mpiga gitaa Kirk Hammett amewahi kueleza kwamba walipoupiga jukwaani waliona watazamaji wa mbele wakipiga miayo. Albamu iliyofuata, ya mwaka 1991, ikawa na nyimbo fupi na nyepesi zaidi, ikauzwa kwa mamilioni kuliko hii. Shemeji alilishika hilo kama rungu: "Si unaona? Wenyewe walichoka!"

Walichoka, ndiyo. Lakini soko kupenda chepesi hakukifanyi kigumu kuwa uchafu. Tungekuwa tunapima hivyo, tungeshachoma tenzi zote tukabaki na matangazo ya sabuni. Hata wataalamu huteleza: mwaka 1989 Tuzo za Grammy zilipoweka kundi la roki nzito na metali kwa mara ya kwanza, ushindi walipewa Jethro Tull, bendi inayojulikana zaidi kwa filimbi, na Metallica wakarudi mikono mitupu. Mwaka uliofuata One ikashinda. Muziki haukuwa umebadilika hata nukta. Masikio ndiyo yalikuwa yamechelewa.

Msomaji, si lazima uupende. Kupenda hakulazimishwi. Ninachokataa ni hukumu ya mtu aliyesimama mlangoni. Vaa hedifoni, weka One, kidole kiwe mezani, uhesabu. Mara ya kwanza utapotea. Mara ya tatu utajua pigo linaangukia wapi kabla halijaanguka. Ukifika hapo na bado ukaona ni kelele, nitakuheshimu, kwa sababu utakuwa umesikiliza. Shemeji yangu alihesabu mara mbili, akasema haupendi. Sawa. Lakini hakusema tena kwamba hawajui kupiga.